Podikasti ya muziki wa asili Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamenijia kwa WhatsApp, mengine kwenye kivuko, na mawili niliulizwa msibani na vijana waliosikia kipindi changu wakatamani kuanzisha chao. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyeketi mbele yangu hapa Mwanza. Utaona narudia jambo moja: msikilizaji wa kwanza wa kipindi cha muziki wa asili ni yule uliyemrekodi, pamoja na watu wa kitongoji chake. Ukilikubali hilo, mambo mengine mengi, kuanzia lugha hadi ukubwa wa faili, yanajipanga yenyewe.

Podikasti inatofautiana vipi na kipindi cha redio?

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni, mtu akakipakua na kukisikiliza saa anayotaka. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumika mwaka 2004. Redio ina saa yake, ukichelewa, kimekupita. Podikasti inakusubiri. Kwa muziki wetu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu wimbo wa kulima wa dakika 11 haupati nafasi kati ya taarifa ya habari na matangazo ya biashara. Kwenye podikasti unauacha uishe.

Muziki wa asili ni upi hasa? Mbona wengine wanapiga kinanda na bado wanasema ni asili?

Mimi humuuliza mwimbaji swali moja: wimbo huu ulijifunza kwa nani? Akinitajia mama yake, kikundi cha kulima au wazee wa ngoma, huyo ni mgeni wangu, hata kama leo anapiga kinanda kwenye harusi. Saida Karoli wa Kagera aliimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ikacheza bila kuelewa maneno. Ukidai kwamba asili lazima iwe kitu kilichoganda, utazikosa nyimbo nyingi nzuri za Kisukuma zinazouzwa kwenye flashi pale mjini na kupigwa kwenye bodaboda mpaka Ngudu.

Mada hazitaisha baada ya vipindi kumi?

Hazitaisha. Chukua ziwa peke yake na ulizunguke. Ukianzia Bukoba unakutana na enanga ya Wahaya, ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja ukapitishwa huku na huku juu yake mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji huutumia kusimulia habari za mashujaa wa kale, na masimulizi yenyewe yanaweza kukesha. Ukienda Mara, kwa Wakurya kuna litungu, chombo cha nyuzi chenye mlio mzito. Kwa Wajaluo wa Rorya kuna nyatiti, nyuzi nane, mpigaji ameketi kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nayo mbao ya chombo, njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima. Hapo hujagusa Wakerewe, Wajita, Wazinza, wala nyimbo za wavuvi.

Na Usukuma wenyewe ni bahari. Kuna bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotoka mashambani: vijana walilima kwa mstari, nyimbo zikiwapa mwendo, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale. Kuna wigashe, inayoimbwa watu wakiwa wameketi. Kuna Bayeye, waganga wa nyoka wanaocheza na chatu. Kuna nyimbo za wawinda nungunungu na nyimbo za wawinda tembo, ambao walikuwa na vyama vyao na siri zao. Kila chama kati ya hivyo kingekutosha vipindi vitano.

Halafu kuna Bagika na Bagalu. Hii ndiyo mada ambayo ningemshauri mtu yeyote wa Mwanza aanze nayo, kwa sababu kila mzee ana upande wake. Ni vyama viwili vya ngoma ambavyo masimulizi yanavirudisha kwa watu wawili, Ngika na Gumha, waganga na mafundi wa ngoma walioshindana kutafuta nani zaidi. Wafuasi wao wanashindana hadi leo. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, makundi mawili yanapiga ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu. Mtunzi na kiongozi wa kundi huitwa ningi, na ningi mzuri anajua kumchoma mpinzani kwa wimbo mpaka watu wa upande ule mwingine wanacheka na kuhama.

Nikitaka kusikia ngoma hizi zote mahali pamoja, niende wapi?

Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini ukiishika barabara ya Musoma. Pana makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika huko miaka ya 1950. Pana ngoma za watemi zilizohifadhiwa, na kanisa ambalo altare yake imetengenezwa kwa sura ya kiti cha enzi cha mtemi. Sherehe ya Bulabo hufanyika hapo kila mwaka karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa kawaida mwezi Juni. Bulabo ni maua kwa Kisukuma. Nenda mara ya kwanza bila kinasa sauti. Sikiliza tu, kunywa soda, jua nani ni nani. Mara ya pili ndipo ubebe vifaa.

Mimi si Msukuma. Nina haki ya kutangaza muziki huu?

Unayo, ukikubali kuwa mwanafunzi hadharani. Tafuta mwenzako anayejua lugha, akae nawe kwenye kipindi kama mtangazaji mwenzako, jina lake litajwe sawa na lako. Usimfanye mkalimani wa kusimama pembeni.

Jifunze pia kusalimia. Ukisema "mwangaluka" asubuhi kabla hujatoa kifaa chochote, mazungumzo yanaanza kwa njia nyingine kabisa.

Kipindi kiwe kwa lugha gani?

Simulizi kwa Kiswahili, mgeni kwa lugha anayoiota. Nilipoanza nilikuwa nawaomba wazee waongee Kiswahili ili nisipate kazi ya kutafsiri, na nilipata majibu mafupi, ya adabu, yasiyo na ladha. Siku niliyomwambia bibi mmoja wa Kwimba aongee Kisukuma, alizungumza saa moja na nusu, akaimba nyimbo sita ambazo sikuwa nimemwuliza. Sasa naacha sauti ya mgeni isikike sekunde kumi au ishirini kwanza, kisha ninaeleza kwa Kiswahili, kisha namrudisha. Usimfunike kwa sauti yako mwanzo hadi mwisho. Mjukuu wake akisikiliza anataka kumsikia bibi.

Simu inatosha kuanzia?

Kwa mazungumzo, ndiyo. Iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani, karibu na mdomo wa mgeni kuliko wako, kiasi cha shubiri moja na nusu.

Kwa ngoma, simu inakwama. Simu nyingi zinarekebisha sauti zenyewe: ngoma ikipigwa inashusha, ikinyamaza inapandisha, kwa hiyo unapata mlio unaopumua kama mtu mwenye pumu. Kazi yangu ya kwanza ya bugobogobo iliharibika hivyo, na hakuna programu iliyoweza kuitengeneza.

Basi ninunue nini?

Kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye maikrofoni mbili juu, aina ya Zoom au Tascam ya bei ya chini. Hedifoni za kufunika masikio. Kadi mbili za memori. Betri za akiba, kwa sababu huko unakokwenda umeme unaweza kuwa haupo au umekatika. Kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Kigoda cha kukunja, na nasema hivyo kwa dhati: ukikaa chini sawa na mzee, mkono hautetemeki na mazungumzo hayaharakishwi. Laptopu yoyote inayowaka itaendesha Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure.

Nirekodi vipi ngoma kubwa bila sauti kupasuka?

Shusha kiwango kuliko unavyodhani. Waombe wapige dakika moja kwa nguvu zote, angalia mshale, kilele kisipite desibeli -12. Wakichangamka, na watachangamka, bado utakuwa na nafasi. Rekodi kwa WAV, faili isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. Saa moja itakula kama GB 1 ya kadi, na hiyo si hasara. Simama mita tatu hadi tano kutoka kwenye ngoma, waimbaji wakiwa kati yako na wapigaji, maana ngoma haihitaji msaada wa kusikika lakini waimbaji wanauhitaji.

Ukifika mapema, rekodi ngoma zikikazwa. Wanawasha moto wa majani makavu na kuzielekeza ngozi kwenye joto, mmoja anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Mlio unapanda taratibu kutoka kwenye kishindo kilicholegea hadi kwenye mlio unaokata. Nimewahi kufungua kipindi kizima kwa dakika moja na nusu ya sauti hiyo, bila neno, na ndicho kipindi ambacho watu wa kijiji kile walikisambaza zaidi.

Kwenye mashindano ya makundi mawili kuna taabu ya pekee: ukisimama katikati unapata kelele mbili zinazogombana. Nilichojifunza ni kuchagua upande mmoja na kubaki nao, huku mwenzangu akiwa na kinasa kingine upande wa pili. Nikihariri, ninamhamisha msikilizaji kutoka Bagika kwenda Bagalu jinsi mtazamaji anavyohama uwanjani. Kama uko peke yako, tembea. Tembea polepole kutoka kundi hadi kundi huku kifaa kikirekodi, na ueleze kwa sauti ya chini unakokwenda na kwa nini umevutwa.

Na chombo chenye sauti ndogo?

Hapo ndipo penye uzuri wote. Kuna mzee wa Magu anayepiga ndono, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, unaogongwa kwa kijiti chembamba. Ukiwa hatua kumi huusikii vizuri. Nilimkuta chini ya mwembe, nikaweka kinasa kama sentimita 30 kutoka kwenye kibuyu, nikavaa hedifoni. Mdomo wa kibuyu unagusa kifua. Akikisogeza kidogo, mlio unafunguka na kunona, akikirudisha unafunga. Alikuwa anatengeneza sauti kwa kifua chake mwenyewe! Bila hedifoni nisingejua. Mbuzi walipita, kuku wakalia, nikaviacha vyote.

Tumia kanuni hiyo kwa enanga, nyatiti na zeze pia: sogea karibu, funga mdomo, sikiliza kwa hedifoni kabla ya kubonyeza kitufe. Kwa nyatiti weka kifaa kati ya nyuzi na mguu, usije ukaiacha ile pete ya kidoleni, ambayo ni nusu ya wimbo.

Upepo wa ziwa unaniharibia kila kitu.

Rekodi alfajiri. Kisha tafuta jiwe. Mji wetu umejaa miamba na ukikaa upande uliokingwa, upepo unapita juu. Kifuniko cha manyoya ni cha lazima ufukweni. Mvua ikianza na uko chini ya bati, zima, ongea na wenyeji, kunywa chai.

Wavuvi wa dagaa huimba kweli? Naweza kuwarekodi?

Huimba, na hasa wakivuta nyavu. Lakini usiende ziwani usiku kwa sababu ya kipindi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, mtumbwi umejaa watu wenye kazi ya hatari, na wewe ni mzigo. Wasubiri asubuhi mwaloni wanapoanika na kupatana bei, waalike baadaye mchana wakishalala. Wimbo utaimbwa tu, ukiwa kwenye mchanga mkavu.

Nimwulize nini mzee wa ngoma? Nikimwuliza historia ananijibu kwa sentensi mbili.

Kwa sababu umemwuliza historia. Mwulize juu ya siku. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." "Babu, mara ya mwisho kushindwa uwanjani ilikuwa lini?" Nimeshuhudia mzee aliyekuwa ananijibu kwa kichwa tu akaamka kwenye kiti kunionyesha jinsi wapinzani walivyomnyang'anya watu, na kwa nini dawa ya yule mganga wao haikuwa dawa bali alikuwa na mpigaji mpya kutoka Shinyanga.

Maswali mengine yanayofungua mdomo: nani alikufundisha, na alikuwa mkali? Wimbo gani hauruhusiwi kuimbwa kwenye harusi? Ngozi ya ngoma hii ni ya mnyama gani na nani aliiwamba? Ulipoacha kulima kwa jembe la mkono, wimbo wa kulima uliuimbia wapi? Swali hili la mwisho limenipa majibu mazito, kwa maana plau na trekta vilipoingia, mstari wa vijana shambani ulivunjika na wimbo ukalazimika kuhamia uwanjani kuwa maonyesho.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya swali linalofuata. Kitu kikubwa mara nyingi huja kwenye hesabu ya saba.

Nimlipe mgeni?

Mcheza kwao hutunzwa, na wewe uliyekuja kwao usiondoke mikono mitupu. Mtu akiimba, desturi ni kumtunza. Mimi hupeleka sukari, sabuni na mchele kwa mwenye nyumba, na fedha kwa kundi, mbele ya watu wote, kwa kiasi tulichokubaliana kabla ya kuanza. Kukubaliana kabla ndiko muhimu. Fedha inayotolewa kwa siri kwa mtu mmoja imevunja makundi, na sitaki kuwa chanzo cha hilo.

Mpe pia nakala, nayo isiwe kiungo cha mtandao. Mpe flashi yenye rekodi nzima, ile isiyohaririwa, achomeke kwenye sabufa yake jioni hiyo hiyo.

Ruhusa naombaje? Karatasi zinawatisha watu.

Iombe kwa sauti, kinasa kikiwa kinarekodi. Mgeni ataje jina lake, kijiji, tarehe, aseme anakubali nini: kipindi tu? Pia kwenye redio? Na wengine wakiomba? Umeipata ruhusa na umepata utambulisho wa rekodi kwa pamoja.

Nina sababu ya kusisitiza hilo la wengine. Kuna kituo kilichochukua wimbo kutoka kwenye kipindi changu kikaufanya saini ya kipindi chao, jina la mama aliyeimba halikutajwa hata mara moja. Yule mama aliusikia kwenye daladala. Alinipigia akiniuliza kama nimeuza sauti yake, na sitaisahau simu ile. Tangu hapo jina la mwimbaji linatajwa mwanzoni mwa wimbo na mwishoni, ili anayeukata aone anachokata.

Sheria inasemaje kuhusu nyimbo zisizo na mtunzi?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo "hauna mwenyewe" si kisingizio. Nyimbo nyingi za mashindano zina watunzi wanaojulikana vizuri kijijini, hata kama hazijawahi kuandikwa popote, uliza utasikia. Msanii anayetaka kusajili kazi yake mwelekeze COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa vikundi vya ngoma, afisa utamaduni wa halmashauri anajua taratibu za BASATA, baraza la sanaa la taifa, na ukimtembelea kwanza atakufungulia milango ya vijiji ambayo usingeifungua mwenyewe.

Nahitaji leseni?

Maudhui ya mtandaoni Tanzania yana kanuni zake za leseni tangu mwaka 2018. Zilibadilishwa mwaka 2020 na kufanyiwa marekebisho 2022. Pita ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza, uwaeleze unachotaka kufanya, wakwambie unaangukia kundi gani na ada yake. Fanya hivyo kabla ya kipindi cha kwanza.

Kuna nyimbo zinazokatazwa kurekodiwa?

Zipo: za matambiko, za ndani ya vyama vya waganga, za wakubwa peke yao. Wakikwambia zima, zima, waonyeshe kwamba taa nyekundu imezimika, na usielezee baadaye kwenye kipindi ulichokisikia. Na wakati mwingine mzee anaimba kwa furaha, halafu kesho yake anatuma mjukuu kusema wimbo wa tatu usitoke. Usitoke. Hakuna mabishano hapo.

Kipindi kiwe na urefu gani, na kiwekwe wapi?

Dakika 25 hadi 35. MP3 ya kilobiti 96 kwa sekunde, dakika 30, ni kama MB 22, na mtu anaweza kuipakua kwa bando la siku bila kuumia. Sawazisha ukubwa wa sauti, ambao kipimo chake ni LUFS, karibu na -16 ili msikilizaji asikimbilie kitufe kila wimbo unapoanza baada ya mazungumzo.

Mtandaoni, fungua akaunti kwenye huduma inayokupa kiungo cha RSS, kile kinachopeleka kila kipindi kipya kwenye programu za kusikilizia, kisha kiungo hicho ukisajili Spotify na Apple Podcasts. YouTube pia, wengi huku husikilizia huko. Usitegemee huduma moja: Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024, na waliokuwa wanasikilizia huko walilazimika kuhama.

Lakini njia iliyonifikishia wasikilizaji wengi zaidi ni vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori. Nilipeleka vipindi vinne kwa kijana wa kibanda pale Buzuruga, bure, nikamwomba aviweke kwenye folda ya nyimbo za Kisukuma. Mwezi uliofuata nikavisikia gulioni, vikitoka kwenye redio ya muuza kamba. Kwa WhatsApp tuma faili kama waraka, usiitume kama sauti ya kawaida.

Rekodi za zamani zinapatikana?

Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na vinasa vyake, akarekodi wapigaji na waimbaji wengi, wakiwemo wa enanga ya Kihaya. Mkusanyiko wake uko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Jirani zetu Ketebul Music wa Nairobi nao wamefanya kazi kubwa ya kurekodi muziki wa asili wa Afrika Mashariki. Omba kwa maandishi, eleza matumizi.

Usisahau kanda zilizo majumbani. Nyimbo za harusi za miaka ya 1980 ziko kwenye makabati ya Nyegezi na Igoma zikiliwa na unyevu. Tafuta deki inayofanya kazi, zinakili kabla hazijakatika. Ukimchezea mzee sauti yake ya miaka 40 iliyopita, kipindi kimeshajitengeneza.

Nihifadhi vipi zangu?

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nyumba nyingine. Nansio niliwarekodi akina mama watatu wa Kikerewe wakiimba nyimbo za kutwanga. Kwenye meli ya kurudi nikaifuta kadi nikidhani nimeshainakili. Nilirudi Ukerewe kuomba radhi. Waliimba tena, kwa ukarimu, ila mmoja alikuwa amesafiri, na ile sauti ya tatu ya chini ndiyo iliyokuwa inazishika mbili zile. Sasa sifuti kadi mpaka nimesikiliza nakala kwa masikio yangu.

Jina la faili liwe na mwaka, kijiji, mwimbaji na wimbo.

Kuna hela?

Kidogo, na inachelewa. Mimi nahariri matangazo ya watu ili kulipia safari. Ukipata mdhamini, andika mapema fungu gani linakwenda kwa waimbaji.

Sauti yangu siipendi. Nifanyeje?

Ongea kidogo. Hawakuja kwa ajili yako.

Mzee niliyemrekodi amefariki kabla kipindi hakijatoka. Nikitoe?

Nenda msibani kwanza, bila kinasa. Subiri matanga yaanuliwe. Kisha rudi na umwulize mjane au watoto, na jibu lao lolote ndilo jibu.

Hilo lilinipata Misungwi. Mzee alikuwa ningi, sauti yake ilijulikana vijiji vyote vya jirani. Baada ya matanga mjane wake aliniita, tukakaa uani na wanawe, sabufa juu ya ndoo, tukasikiliza kipindi nilichokuwa nimekihariri. Kilipoisha akaniuliza: "Mbona hapa kati alikohoa, akaniomba maji, mimi nikamletea. Kiko wapi?" Nilikuwa nimekikata, kama tunavyofundishwa. Nilifungua rekodi nzima kwenye laptopu nikakitafuta. Wakakisikiliza mara tatu, kijana mdogo akaomba mara ya nne.

Kipindi kilitoka wiki mbili baadaye, kikohozi kikiwa ndani, na maji yakimiminwa kikombeni, na yeye akisema asante mama fulani kabla ya kuuanza wimbo upya.